Mlowo Utaniona Nikishuka

Edina mwanangu,

Kaa kitandani kwanza. Usisome umesimama mlangoni na mifuko mkononi, nakujua.

Bibi yako amefariki leo alfajiri. Hakuteseka, alikuwa amelala, mama yako mkubwa alipokwenda kumwamsha anywe chai akamkuta ameshakwenda. Mazishi ni kesho kutwa, kwa sababu wanamsubiri mjomba wako mdogo atoke Kitwe, Zambia.

Nimeandika hivyo hapo juu, peupe, kabla ya salamu. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo namna hiyo. Najua mjomba wako Ezekia akiisoma barua hii atasema dada yake ameingiwa na wazimu. Na aseme. Lia kwanza, kisha urudi uendelee kusoma, kwa sababu mengine yote yaliyomo humu yanatokana na hilo.

Juzi nilianza kukuandikia barua nyingine. Ilikuwa na kurasa mbili na ilihusu hosteli, kwa sababu tangu upate nafasi ya chuo wimbo wako ni mmoja: "Mama, si bora nipange geto langu peke yangu? Nikae na watu watatu nisiowajua kwa nini?" Nikawa nakujibu kwa mkato, utakaa hosteli, basi. Nilitaka nikueleze vizuri kwa maandishi, maana nikisema kwa mdomo naanza ualimu, nawe unaanza kuangalia simu. Leo asubuhi nimeichana barua ile. Mambo niliyoyaandika mle yalikuwa mazuri mazuri tu, ya mtu asiyekosea, na mimi nilikosea vibaya sana katika chumba cha bweni. Hii ya leo ndiyo yenyewe. Sitakuandikia habari za kufua mashuka wala kuwahi vipindi. Hayo utayaweza, na usipoyaweza utaaibika kidogo utajifunza.

Unajua nilisoma chuo cha ualimu. Hujui kwamba nilikuwa kiranja wa chumba namba nne. Tulikuwa sita. Wanne tulikuwa wa Mbozi, watoto wa wakulima wa kahawa, Wanyiha watupu. Wa tano alikuwa Sekela, Mndali wa Isongole, kadogo, kana mdomo kama pilipili. Wa sita alikuwa Zuhura, wa hapa hapa Tunduma, ambaye wazazi wake walikuja kutoka pwani kwa shughuli za malori. Kwao kulikuwa Kiswahili tu, Kiswahili kile cha kunyoosha, na sisi tulikuwa tukimcheka anavyosema "hebu nipishe" badala ya kutusukuma.

Mwanangu, tulijiona tunaishi vizuri. Chumba chetu kilikuwa kisafi kuliko vyote, na mimi nilikuwa na zamu zangu nimeziandika kwenye karatasi na kuzibandika ukutani: nani anafagia, nani anachota maji, saa ngapi. Zuhura nilimpanga kuchota maji alfajiri, saa ile ile anayotakiwa kuswali. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa anaamka kabla ya wote, anachota, anarudi mbio, anaswali akiwa anahema. Nilikuja kuelewa muhula wa pili kwamba karatasi yangu ndiyo iliyokuwa inamkimbiza. Sikuwa mbaya. Sikumuuliza tu.

Na lingine. Tukiwa chumbani, sisi wanne tulikuwa tunaongea Kinyiha. Si kwa ubaya, ndiyo lugha ya mdomo, ndiyo ya vichekesho. Sekela alikuwa anaokota neno moja moja. Zuhura alikuwa hapati kitu. Tukicheka na yeye anacheka, halafu anauliza, "Mmesema nini?" na sisi tunamjibu, "Aa, ya kwetu tu." Hebu hesabu mwenyewe ni mara ngapi mtu anaweza kuambiwa "ya kwetu tu" kabla hajaacha kuuliza.

Sasa ikaja siku moja ya Jumatano. Nikaitwa ofisini kabla ya saa sita. Simu za mkononi hazikuwapo mikononi mwetu, habari za nyumbani zilikuwa zinapita kwenye simu ya ofisi. Mwalimu wa zamu akaniambia, "Mama yake Zuhura amefariki alfajiri. Wewe ndiye kiranja wake. Mwandaeni mwenzenu, na ruhusa yake hii hapa." Akanipa kikaratasi.

Nilitoka pale nikiwa na huzuni ya kweli, na nikiwa na hakika kwamba najua la kufanya. Ndiyo kosa lenyewe hilo. Kwetu kuna namna. Mtu haambiwi msiba akiwa na njaa, wala akiwa peke yake. Unampa chakula. Unamtafutia wa kumsindikiza. Unamwambia mama anaumwa kidogo, twende tukamwone. Unasafiri naye polepole, ukimshika mkono, mpaka anapoona watu wamejaa uani na wanawake wamekaa chini, anajielewa mwenyewe na kuna mikono kumi ya kumdaka. Bibi yako ndivyo alivyofanyiwa babu alipofariki. Kwetu huo ni upendo, mwanangu, na mpaka leo sijaacha kuamini kwamba ni upendo.

Nikawakusanya wenzangu. Tukaamua asafiri kesho yake asubuhi na mimi nimsindikize, ili jioni ile ale, alale, apate nguvu. Sekela peke yake ndiye aliyesema, "Jamani, mwambieni mwenzenu." Nikamkemea. Nikamwambia, "Nyamaza wewe, haya mambo huyajui." Kiranja huyo.

Zuhura alirudi kutoka darasani anaimba. Tukampa chai na mihogo, akashangaa, "Leo nimekuwa mgeni?" Halafu akanivuta mkono. Nilikuwa nimemwomba anisuke tangu wiki iliyopita. Nikakaa chini, yeye akakaa juu ya kitanda, kichwa changu magotini kwake, akaanza kunisuka. Na sisi juu ya kichwa changu tukaanza kupanga kwa Kinyiha: nani atamfungia nguo, atabeba khanga gani, nani atamwambia mwalimu wa somo. Tukataja jina lake. Jina halina lugha, alilisikia. Akacheka akasema, "Yaani mnaniteta mbele yangu? Ngoja nikukaze nywele ulie!" Akanikaza kweli. Na mimi nikacheka.

Hicho kicheko, Edina. Mimi ni mtu mzima, nimezika watu, lakini hicho kicheko changu sijakizika.

Kesho yake tukasafiri. Njia nzima nikimwambia mama anaumwa kidogo. Tulipofika kwao tukakuta turubai na mikeka, na wanawake wamejifunika khanga. Zuhura akaelewa. Mikono ya kumdaka ilikuwapo, kama kwetu. Alilia, akalia, na alipopata sauti akauliza mama amelazwa chumba gani, akamwone. Shangazi yake akamwambia, "Mwanangu, tumemzika jana alasiri. Tulikusubiri, tukaona huji."

Sikujua. Miaka yote nimekaa karibu na Waislamu na sikujua kwamba wao maiti hawamlazi. Kwetu tunasubiri mtu mpaka atoke Zambia. Kwao jua halikusubiri. Na kutoka chuoni mpaka Tunduma ni safari ya saa chache tu. Kama ningemwambia pale pale mchana, na kikaratasi kile mkononi, pengine angewahi. Wakati mama yake anaingizwa kaburini, mikono ya Zuhura ilikuwa kwenye nywele zangu.

Aligeuka akaniangalia. Hakupiga kelele. Akaniuliza, "Jana mlikuwa mnajua?" Nikainamia mkeka. Akauliza tena, "Pale mlipokuwa mnacheka, mlikuwa mnajua?"

Nimepumzika kidogo hapa. Nimekwenda nje kuanua nguo zako. Ule msururu wa malori ya mpakani leo umefika mpaka huku Mpemba, vumbi limerudi kwenye shuka zako nyeupe, itabidi ukazikung'ute huko huko. Nimechoka, mwanangu. Kutabasamu kutwa nzima na msiba kifuani kunachosha kuliko kulima.

Nitamalizia habari ya Zuhura. Alirudi chuoni baada ya wiki tatu. Akatusalimia wote, vizuri tu, kisha akakunja godoro lake akahamia chumba namba tisa. Nilimfuata kuomba msamaha mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Nimekusamehe, Mungu shahidi. Lakini kwenu siwezi kulala. Nikiwasikia mnacheka nitakuwa nakaa najiuliza mnajua nini." Alikuwa na haki.

Chumba chetu kikapoa. Kitanda cha sita kilibaki mbao tupu na hakuna aliyetaka kuweka hata ndoo juu yake. Zamu ziliendelea, usafi uliendelea, lakini tulikuwa tunapishana kama watu wa stendi. Basi ilikuwa Jumapili moja, wote tupo, Sekela akapanda juu ya tranka lake, mfupi yule, akasema, "Mimi baba yangu anaumwa tangu mwaka jana. Siku ikifika, nataka niambiwe hivi: aniambie mtu mmoja, nje, si humu ndani, na aniambie kwa Kiswahili. Mkinifanyia kama mlivyomfanyia Zuhura sitawasamehe. Haya, na nyie semeni mnataka mwambiwe vipi."

Weee! Nani anajadili msiba ambao haujatokea? Kwetu ni uchuro. Lakini mmoja akasema. Akasema yeye asiambiwe kitu wakati wa mitihani, hata kama ni nani, aambiwe akimaliza. Mwingine akasema aitwe mchungaji. Mwingine, mkubwa kuliko sisi wote, akasema yeye apewe nusu nusu, kama kwetu, akisikia yote kwa mara moja atazimia, na alikuwa anasema kweli. Nilishangaa, mwanangu. Wanyiha watatu, chumba kimoja, kanisa moja, na kila mmoja alitaka lake. Mimi nilikuwa nimejua kwa ajili ya wote.

Kutoka hapo maneno yakafunguka. Sijui nikuelezeje. Mtu akishakuambia namna anavyotaka kupokea habari mbaya kuliko zote, mengine yanakuwa mepesi. Mmoja akasema anachukia kuguswa vitu vyake. Mwingine akakiri kwamba hajui kusoma saa ya mishale, ndiyo maana anachelewa zamu. Ile karatasi ya ukutani niliitoa mwenyewe, tukaipanga upya kwa kuulizana. Na Kinyiha chumbani tukaacha, isipokuwa kama wote waliopo wanakijua. Habari zikaenda bweni zima, vyumba vingine nao wakaulizana, na wengine walitucheka wakatuita chumba cha matanga. Walivyotucheka ndivyo walivyokuwa wanakuja kukaa kwetu.

Jioni moja Zuhura akasimama mlangoni. Hakuingia. Akasema, "Nimesikia mnaulizana. Mimi hamkuniuliza." Nikasimama. Nikamwambia, "Tunakuuliza sasa." Akasema, "Mimi niambiwe hapo hapo. Hata nikiwa bafuni, gongeni mlango mniambie. Nitajua mwenyewe pa kulilia."

Godoro lake hakulirudisha kwetu, sitaki nikudanganye kwamba lilirudi. Lakini alianza kuja kukaa, na mwisho wa mwaka alinisuka tena.

Na unamjua. Ni Mama Shabani wa vitenge pale mjini, unayemwita mama mdogo, aliyekupa mtandio wa kuendea chuo. Ulikuwa ukiniuliza sisi tulijuana wapi, na mimi nikakwambia "shuleni", nikaishia hapo.

Sasa turudi kwa leo. Asubuhi ulikuwa unakunywa chai na unanisimulia kuhusu yule mwenzako wa Dodoma mliyekutana kwenye kundi la simu la hosteli. Simu ikalia. Ni mjomba Ezekia. Akaniambia mama hatunaye. Na palepale akaniambia, "Mtoto usimwambie. Mwache aende chuo kesho. Akichelewa kuripoti, kitanda cha hosteli watampa mwingine, atabaki anahangaika mjini. Mpandishe basi, kisha upande gari jingine uje. Tutamwambia akishatulia." Kasema kwa upendo, usimchukie. Yeye ndiye aliyekwenda kukuombea nafasi ile wakati mimi nilikuwa nimekata tamaa.

Na mimi nilimjibu kwa Kinyiha, Edina. Mbele yako. Nikakubali yote, kwa Kinyiha, huku nikikuongezea maziwa kwenye kikombe. Ukaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nikakwambia, "Mambo ya kahawa tu."

Ya kwetu tu.

Lugha ile sikukufundisha kwa sababu ya Zuhura. Niliapa nyumbani kwangu hakutakuwa na lugha ya kufichia. Nikakulea kwa Kiswahili, bibi yako akanilaumu mpaka mwisho kwamba nimemnyima mjukuu, akawa anakuita "somo" kwa sababu umebeba jina lake na ndilo neno la Kiswahili ambalo hakuhofia kulikosea. Nilikunyima mazungumzo na bibi yako ili nisikufiche, halafu leo nimekificha kifo chake ndani ya lugha hiyo hiyo. Sijui kama kuna mjinga kunizidi kutoka hapa mpaka Mbeya.

Ulipotoka na rafiki yako Aneth kwenda kununua ndoo, nilimpigia Zuhura. Nikamweleza. Nikamwuliza nifanyeje. Akasema, "Unaniuliza mimi, jamani?" Tukalia wote wawili kwenye simu, wazee wazima.

Baba yako yuko na lori lake kwenye foleni ya mpakani, upande wa Nakonde, nimemwambia, anasema atafika mazishini. Kuhusu wewe amesema, "Wewe ndiye uliyeishi bweni, mimi nimelala kwenye malori tu. Amua." Nikampigia na yule mama mlezi wa hosteli, namba iko kwenye fomu yako. Nimemweleza. Amenipa pole, akasema siku mbili anaweza kujaribu kukutunzia kitanda, lakini hawezi kuahidi, wanafunzi ni wengi. Nimekuandikia kama alivyosema, sijapunguza wala kuongeza.

Kwa hiyo jambo liko hivi. Ukiamua kwenda moja kwa moja, utafika kwa wakati, utapata kitanda, na bibi tutamzika bila wewe, na mimi sitakuhesabia hata siku moja. Bibi mwenyewe alikuwa anataka uende chuo kuliko alivyotaka kupona goti. Ukiamua kuja kumzika, unaweza kufika chuo ukaambiwa nafasi imejaa, ukahangaika, na hapo pia sitasema "nilikwambia". Mjomba Ezekia niachie mimi.

Umeniuliza wiki nzima kwa nini ukae na watu usiowajua. Jibu langu ni kwamba hata usipokaa nao, siku ya habari itakukuta, na ukiwa peke yako ndani ya geto hakuna wa kugonga mlango. Lakini watu watano wa chumba kimoja wanaweza kukufichia vilevile, mimi ni shahidi. Waulize. Ukifika, uwaulize mapema, wakuone una uchuro, wakucheke. Debe la karanga alizokukaangia bibi liko kwenye begi la bluu. Alipolituma wiki iliyopita alimwambia mama yako mkubwa, "Hizi si za somo peke yake, ni za chumba." Lifungue siku ya kwanza wote wakiwepo.

Na sasa naona aibu kuandika hili la mwisho. Tuliulizana na wasichana watano wa watu, watoto wa mama zao, "Mnataka mwambiwe vipi?" Nimekulea miaka kumi na tisa, na wewe sikukuuliza. Kwa hiyo leo sikujua jibu lako. Nimeazima la Zuhura. Kama siyo lako, kama ulitaka nusu nusu, au ulitaka usijue mpaka utulie, nisamehe, na uniambie lako lilikuwa lipi, maana mimi bado nipo na siku moja habari itakuwa yangu.

Tiketi yako nimeiweka kwenye bahasha hii. Na yangu nimekata pia, basi hilo hilo, kiti kilicho kando ya chako. Yako inakwenda mpaka mwisho wa safari. Yangu imeandikwa Mlowo, pa kushukia kwenda kwa bibi yako. Utaniona nikishuka, Edina. Hutapita pale ukiwa umelala.

Niko jikoni, napika. Mlango uko wazi. Njoo hata kama huna la kusema.

Mama yako